Kamba Mbichi kwenye Kikonyo cha Okidi

Kamba ya mgomba iliyolowekwa usiku kucha ina harufu yake: ya uchachu, ya matope, ya ndizi iliyosahauliwa kapuni. Nikiinusa popote narudi Murusagamba, msimu ule mama alipolazwa kitandani nyumbani kwa amri ya nesi wa zahanati. Baada ya kutuzaa sisi, mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na hii ya tatu aliambiwa asiinue hata sufuria. Kwa mwanamke aliyelima mpaka jembe lenyewe likaomba maji, kile kilikuwa kifungo. Baba, ambaye maneno ya kubembeleza hakuyajua, aliingia msituni akarudi na gogo lililoota okidi, yale maua meupe yanayoishi juu ya miti, akalitundika nje ya dirisha la mama.

Ua likatoa kikonyo kirefu kilichojaa vitumba, lakini kikaning'inia kuelekea migombani, mama asikione. Akatamani kiinuliwe, kimtazame. “Likichanua, na mimi nitainuka,” alisema akicheka. Sisi watoto hatukucheka. Tuliyapokea maneno yale kama ya padri madhabahuni. Kazi akapewa Shangazi, dada yake baba, bingwa wa kusimika miti ya maharage. Maharage yake yalisimama kama askari wa gwaride. Yangepewa bunduki, yangelinda mpaka wote wa Burundi. Mchana wa jua, kikonyo kilipolegea, alichomeka tete kwenye gogo, akakipindisha taratibu, akakifunga kwa kamba mbichi na kuikaza vilevile anavyokaza shambani. Vitumba vikaelekea dirishani. Mama akapiga vigelegele akiwa amelala.

Kumbe kamba ya mgomba ikikauka hujikaza. Kwenye mti wa maharage hiyo ndiyo sifa yake. Kwenye kikonyo laini ni kitanzi. Vitumba vya juu ya fundo vikageuka manjano, vikaanza kudondoka. Shangazi akawa anawahi alfajiri kuviokota na kuvificha kwenye pindo la kitenge, na sisi tukaambiwa ni upepo. Mama hakuwa mjinga. “Wifi,” alimwuliza kwa upole, “upepo gani huo unaochagua vya juu tu?” Shangazi akatoa kicheko kikavu, akaenda kuchota maji ambayo yalikuwa tele mtungini.

Wiki ileile uchungu ukaja kabla ya wakati wake. Wanaume wakambeba mama kwa machela, maana mvua ilikuwa imeitafuna barabara hadi ng'ombe wenyewe waliikataa. Tulibaki na Shangazi, ambaye hata kupika hakupika. Alikaa chini ya lile gogo kama mtu anayesubiri hukumu. Mama akarudi mikono mitupu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini siku ile nilimwona na mwingine akiujua. Shangazi alipiga magoti mlangoni, akasema ni kamba yake. Mama akamwambia:

“Kamba yako imebana ua, wifi. Mtoto haikumfikia.”

Kisha akaomba wembe, akatoka nje kwa kushikilia ukuta, akaikata mwenyewe. Chini ya fundo maua machache yalikuwa yamechanua, meupe, yakinukia kana kwamba hakuna lililotokea. Kikonyo hakikunyooka tena. Kilibaki na kovu palepale.

Siku hizi naishi Biharamulo mjini, na okidi zimejaa kibarazani kwangu hadi majirani wanadai wamesikia nyani. Kijijini kwetu gari la wagonjwa sasa linafika, mvua ikipenda. Kamba ya mgomba siitumii. Nafunga vikonyo kwa vipande vya fulana kuukuu, na wageni husifu jinsi maua yanavyosimama. Mama hasifu. Akija kunitembelea, shikamoo yangu anaiitikia huku anatembea, anapita kwenye kila fundo akipenyeza kidole chake cha mwisho kati ya kitambaa na kikonyo. Kikipita kote, ndipo anaketi.