Mpokea simu aliyemwamkia marehemu

Saa saba mchana, Ijumaa. Maduka mengi ya Kona ya Musa, mtaa huu wa pwani, yamefungwa, wanaume wako msikitini, na jua limeingia hadi kwenye meza za chumba hiki cha ghorofani. Simu inaita. Kabla Mwanapili Chande hajaipokea, kompyuta inamwandikia: Kavumbi, Matuga.

Mwanapili analisoma jina na kulimeza. "Salaam aleikum, nakusikiliza," anasema, kisha anangoja mtu ajitaje mwenyewe.

Wenzake hawafanyi hivyo. Katika kampuni hii ndogo ya magari ya wagonjwa, kompyuta huitafuta kila namba miongoni mwa waliowahi kupiga, ikatoa jina na kijiji, na mpigaji huitwa kwa jina kabla hajafungua kinywa. Kwa mgeni jambo hili linasisimua mwili.

"Mtu akiitwa jina lake, panic yote inaisha," anasema Lewis, msimamizi, kijana wa bara. "Ndivyo tumetrain timu."

Mwanapili, mwenye umri wa miaka 31, mzaliwa wa Msambweni, aliuza nguo za watoto kabla ya kupata kazi hii inayomlisha yeye na mamake. Mwaka huu simu moja nusura imfanye aiache.

Ilikuwa mchana kama huu. Kompyuta ilimwandikia: Abdurahman Shutu, Ramisi. Jina hilo alilijua vyema. Mzee huyo, mkata miwa wa zamani, alikuwa akipiga kila kifua kilipombana. Siku yake ilipofika, ni Mwanapili aliyempelekea gari, likamkuta ameshakata roho. Jina lake lilipotokea mchana huo, alikuwa ameshazikwa.

"Nilijua amekufa," anasema. "Lakini mazoea yana taabu. Nikausikia mdomo wangu wenyewe wasema, 'Shikamoo mzee Abdurahman.'"

Alisikia pumzi tu, nzito, ya mtu aliye karibu mno. Simu ikakatwa.

Ikaita tena. Mwenzake mmoja akaipokea, akaamkia kama alivyofundishwa, na mambo yakawa yale yale. Ilipoita mara nyingine, Caroline wa meza ya pili alivua hedifoni akaziweka chini. "Mimi siongei na maiti, sorry," alisema. Lewis akaamua namba hiyo ifungiwe isiingie tena.

"Nikamwambia, ngoja kwanza," Mwanapili anakumbuka. "Niliogopa, wallahi. Lakini pumzi ile ilikuwa ya mgonjwa. Maiti hatweti."

Ilipoita tena aligeuzia uso dirishani asilione jina, akasema, "Hodi hapo. Mimi ni Mwanapili. Nani mwenzangu?"

"Ni mie mkewe," sauti ya mwanamke ikajibu kwa shida. "Mwanangu, nyinyi ni watu gani? Kila nikipiga mwamwita marehemu. Nani kawaambia yumo humu?"

Alikuwa Bi Zainabu, mjane wa mzee huyo. Alikuwa akikaa eda, hatoki nje, na siku hiyo waliomwangalia walikuwa wamekwenda swala. Hakuwa na simu ila ile aliyoiacha mumewe. Presha ilikuwa imempanda, hawezi kusimama, na kila alipotafuta msaada, watu asiowajua walimwamkia mumewe. Ofisini walimwogopa yeye, naye chumbani akawaogopa wao. Woga huo wa pande mbili nusura umuue mama wa watu.

"Nilikitazama kitanda chake," Bi Zainabu anasema, akiwa nyumbani kwake Ramisi. "Nikajiambia, labda yupo kweli, ni mimi tu nisiyemwona. Nikawa naikata simu nisimsikie akiwajibu."

Gari lilimuwahi, akalazwa, akapona. Tangu hapo Lewis amemruhusu Mwanapili, yeye peke yake, asimwite mtu kwa jina mpaka ajitaje.

Kwa Mwanapili hilo halitoshi. Siku yake ya mapumziko alifunga safari hadi Ramisi, akamuuliza Bi Zainabu namba ile iandikwe jina gani.

"Andika langu," mjane alimjibu. "Yeye mwacheni alale."

Sasa anataka kampuni impe ruhusa apite vijijini, nyumba kwa nyumba, awaulize watu ni nani bado yupo na ni nani ameshatangulia.

"Majina humo ni mengi, na kompyuta haijui kufa ni nini," anasema, akivaa tena hedifoni. "Nataka tuwajue wafu wetu kabla hawajatupigia."