Mfuko wa Lita Ishirini na Nne

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Gekara alijiwa na mgeni, akaugua.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa mtunza maabara wa sekondari moja upande wa Kabianga. Masomo yake yaliishia darasa la nane kule Kisii, lakini mikono yake ilijua kemia. Walimu Wazungu walikuja wakaenda, yeye akabaki na funguo, na wanafunzi wakamwita Profesa. Jina hilo alilipenda kuliko mshahara. Halafu mwaka wa sabini na nne akaletwa Mwalimu Tecla, msichana wa Kipsigis kutoka chuo kikuu, na kabla mwezi haujaisha Profesa akawa Tecla. Lo! Wivu ulimkaba Gekara hata ugali wa wimbi ukamshinda.

Inspekta alikuwa anakuja kuamua kama Tecla atathibitishwa kazini au atarudi kwao. Tecla alikuwa amesoma gazetini habari za magari mapya ya Amerika: gari likigonga, unga fulani unawaka, unageuka gesi, na mfuko unafura mbele ya dereva kabla hajajigonga kwenye usukani. Unga ukipungua, mfuko unalegea. Ukizidi, unapasuka. Yeye angeonyesha jambo hilo kwa soda ya kuokea na siki. Alikata plastiki ya ndani ya gunia la mbolea ya chai, akaiziba kwa pasi ya moto, ikawa mfuko wa lita ishirini na nne kamili, kwa sababu kitabu kilisema gramu themanini na nne za soda zinatoa gesi kiasi hicho.

"Mzee Gekara," akauliza siku moja kabla, "hebu angalia hesabu yangu. Kuna kitu nimesahau?"

Kilikuwapo. Kitabu kilihesabu kwa hewa ya kule baharini, ambayo ni nzito na inaibana gesi. Huku milimani hewa ni nyepesi, ndiyo maana hata maharagwe yanakawia kuiva. Gesi ambayo kitabu kinaiita lita nne, Gekara aliipima lita tano kila mwaka.

"Iko sawa, Mwalimu," akasema.

Kesho yake soda ikakutana na siki mbele ya inspekta. Mfuko ukafura, ukafura, ukakaza, pwaa! Siki ikamrukia inspekta mpaka kwenye tai. Darasa likaangua kicheko. Gekara, pale nyuma, alisikia raha mpaka vidoleni.

"Kulikoni?" inspekta akauliza.

Tecla akatazama hesabu ubaoni. Kisha akageuka. "Mzee Gekara amekaa na hizi gesi kuliko sisi wote. Mzee, tusaidie."

Jamani! Miaka yote alingoja kuombwa hivyo mbele ya watu. Akaja mbele, akakohoa, akaeleza hewa na milima na nne kuwa tano, mpaka inspekta akaacha kujipangusa akaanza kuandika.

"Vizuri sana. Na hii umeijua tangu lini?"

"Aa, zamani, bwana! Kila mwaka naiona," Gekara akajibu, kifua mbele.

Ndipo akatambua alichosema. Jana tu alikuwa amemwambia Tecla kwamba hesabu iko sawa. Tecla alimtazama, kisha akachukua kitambaa akaanza kufuta siki mezani.

Inspekta alimthibitisha Tecla. Asubuhi iliyofuata Tecla alifika mapema, akamsalimu Gekara kwa heshima ileile, "Habari ya asubuhi, mzee," akaomba ufunguo wa kabati la mizani. Soda, ambayo siku zote alipimiwa na Gekara, akaipima mwenyewe.