Pua ya Amable Chabrillat

Amable Chabrillat alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, goti moja zima na pua iliyosifika vijiji saba. Kila Jumamosi ya kiangazi aliwapandisha wageni volkano asubuhi, mchana akawashibisha viazi vya kukaanga na jibini, na jioni akawashusha kwenye handaki lake. Babu zake walilichimba katika mwamba ili waweke divai. Sasa humo mlilala jibini mia nne juu ya mabua makavu, na Amable alizinusa moja moja na kusema ipi imeiva. Huo ndio uliokuwa utukufu wake wote, maana hata kupanda mlima wageni walimwacha nyuma.

Tatizo ni kwamba pua ilikuwa imekufa. Mafua ya Januari yalikuja, yakaondoka, yakaondoka nayo. Tangu hapo Amable alinusa jibini kama anayenusa ukuta, akatikisa kichwa kwa hekima na kusema, "Karanga za msituni. Uyoga." Nani angembishia?

Angembishia Odile, binti yake. Baba alikuwa amemwapia mbele ya watu kwamba siku atakapoichagua jibini ya binti kuliko yake mwenyewe, bila kujua ipi ni ya nani, ufunguo wa handaki utakuwa wa binti. Kwa miaka sita, mwamba ngoma aliivutia ngozi kwake. Mwaka huu mwamba ngoma hakuwa hata na pua ya kuvutia, na aliogopa. Bila pua na bila ufunguo, angebaki mzee wa goti moja.

Basi akabuni hila. Asubuhi alichomeka kipande cha bua chini ya jibini yake, akajiona mjanja kupita sungura.

Jioni Odile aliweka jibini mbili mezani huku baba amegeuka ukutani. Kati ya wageni alikuwapo Bi Thévenet, mwalimu mstaafu kutoka Lyon, mwanamke asiyepitwa na kitu. Amable akageuka, akainua jibini ya kwanza, akapapasa chini. Bua! Moyo ukamruka. Akatoboa kwa chuma chake, akavuta kipande, akafumba macho.

"Hii, jamani! Karanga za msituni, siagi, udongo baada ya mvua. Mikono iliyoitunza hii haina mfano!"

"Na ile nyingine, Mzee Amable?" akauliza Bi Thévenet.

"Ile tutaitazama kwa heshima tu, mama," akasema, akainyanyua. Vidole vyake vikakuta bua.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba jibini zote humo zilikuwa zimelalia mabua maisha yao yote. Miaka arobaini katika kazi ile, naye ameweka alama ya bua ndani ya nyumba ya mabua! Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake haikufika hata mlangoni.

"Nusa, Baba," Odile akasema taratibu.

Akanusa. Ukuta. Aliona haya hadi masikioni, kisha kicheko kikampanda bila ruhusa.

"Sisikii kitu, mwanangu. Tangu Januari sisikii hata soksi zangu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Februari ulimimina siki kwenye glasi, ukainywa, ukasema divai ya mwaka huu ina adabu. Nikasema moyoni, basi, baba yangu kwisha kazi."

Wageni wakaangua kicheko. Bi Thévenet alilazimika kufuta miwani.

"Na miezi yote hiyo nani alikuwa anachagua zilizoiva?" Amable akauliza.

"Mimi. Wewe ukizitikisia kichwa, mimi nazinusa ukienda kulala."

Amable akaketi. Ilimuuma, tena sana, kuliko goti. Akaufungua ufunguo kiunoni, akauweka mezani mbele ya Odile, maana jibini mia nne haziwezi kuishi kwa kutikisiwa kichwa.

"Ulimi bado ninao," akasema kwa kujitetea. Akachukua kipande cha ile jibini ya pili, akatafuna polepole. "Hii imezidi chumvi. Huyu aliyeitia chumvi ni mzembe, mwanangu, mwambie ukweli."

"Umeshamwambia mwenyewe, Baba," Odile akasema, akiuchukua ufunguo. "Hiyo ni yako."