Aliyeomba Kuwa Mbilikimo

Mpaka leo nikisikia harufu ya binzari nyembamba ikikaangwa, nakasirika. Ndiyo, nakasirika! Harufu hiyo ilijaa sebuleni kwa kina Hetal, ghorofa ya tatu, juu ya duka la baba yangu pale Kariakoo, na ndiko nilikodhalilishwa kila Jumamosi.

Kaka yake Hetal alirudi kutoka masomoni na boksi la mchezo: dadu zenye pande nyingi za ajabu, makaratasi, na kitabu cha Kiingereza ambacho Hetal alitusomea kwa Kiswahili. Kila mchezaji anachagua awe kiumbe gani, kisha tunaenda safari ya kufikirika kumsaka joka. Wote waligombea kuwa wale watu warefu wa msituni, masikio yamechongoka, mishale yao haikosei. Ukikosa hapo, basi angalau binadamu. Mbilikimo wa mlimani, mandevu yake na tamaa yake ya dhahabu, hakuna aliyemtaka.

Nikapewa mimi.

"Manka, si wewe Mchaga bwana," alisema Dulla, mtoto wa jirani. "Mlima unao, hela unapenda. Unataka nini tena?"

Watu hoi kwa kicheko. Jamani! Hata ndevu walinichorea kwa kalamu. Utani wa makabila naujua, nimekulia humo. Lakini miezi yote hiyo bila mshale hata mmoja?

Jumamosi moja nikagoma. Nikalia, nikatupa dadu chini, nikaapa kwenda kuwasemea kwa mama. Dulla akanywea. Nikapewa upinde wangu, roho kwatu.

Hetal, ambaye siku zote alikuwa msomaji tu, akainua macho kitabuni. "Sasa mbilikimo hana mtu," akasema taratibu. "Naomba niwe mimi."

"Wewe Mhindi," nikamjibu bila hata kumtazama, "kaa dukani utuuzie mishale."

Dulla alicheka akashika mbavu. Mimi nilicheka kumshinda. Humo mchezoni Hetal akatuuzia mishale, akaendelea kusoma.

Kisa cha ndevu nimekisimulia miaka na miaka, kwa uchungu wote, na watu hunionea huruma. Juzi nilimsimulia binti yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mwenye boksi, mama, yeye alikuwa kiumbe gani?"

Miaka yote hiyo namnunia Dulla, bure kabisa mimi! Mchezo wa Hetal, sebule yake, sambusa za mama yake tunakula. Aliomba kile tulichokikataa wote, nami nikamnyima.