Tajiri Mwenye Koti Bovu

Tajiri niliyemfanyia kazi Gikomba alikuwa na banda la vitanda, lori, na nyumba za kupangisha huko mtaa wa Fedha, lakini ungemkuta njiani ungemtupia sarafu. Koti lake lilikuwa limeraruka mabegani, na gambuti alivaa hata jua likiwaka. Hakuwa mwendawazimu. Alisema nguo nzuri huita kanjo, wale askari wa jiji, huita mteja wa kuomba kupunguziwa, na huita shemeji. Hapo kwa shemeji nilimwelewa kabisa, maana wangu alikuja kwetu Ziwani kututembelea wikendi moja tu, akaishia kuchongesha ufunguo wake. Lakini hayo ni mengine.

Mimi nilikuwa mtu wa msasa na vanishi. Mshahara wangu haukufika kile kima cha chini ambacho serikali hutangaza Leba Dei, sikukuu ya wafanyakazi. Nilichelewa kujua, kwa sababu hotuba ilipofika hapo tajiri alizima redio. "Tuhifadhi betri," alisema. Fundi wa banda jirani ndiye aliyenifungua macho. Kodi nayo ikapanda, na mama watoto akanieleza bila kupaza sauti: mshahara usipoongezwa, yeye anarudi Machakos na watoto. Mzigo akaufunga kabisa, akauweka mlangoni niwe naurukaruka.

Nikaanza kuzunguka. Karani wa wakili aliniambia kortini kunaendeka, ila bei aliyonitajia ilizidi ninachodai. Chama cha wafanyakazi walinipokea vizuri, wakauliza kama mimi ni mwanachama. Nikasema ndio kwanza nimekuja kujiunga. Wakacheka: "Mzee, ungejiunga kabla hujapunjwa!" Lakini walinielekeza ofisi ya leba. Huko hulipi kitu, wakasema, afisa humwita tajiri mkae meza moja. Nikaacha malalamiko kwa karani wa pale, tukapangiwa siku.

Sasa sisi, kwenda ofisi ya serikali ni kama kwenda harusini. Rafiki wa mitumba akaniazima suti, mwalimu wa kwaya akaniazima tai, viatu nikamvua shemeji akiwa amelala. Nikang'aa mpaka watoto wakaniamkia kama mgeni. Tajiri naye alifika na koti bovu kuliko lile la kila siku. Nadhani alikuwa na la kazi na la kesi.

Afisa, mama mmoja wa miwani, akanivutia kiti. Tajiri akaachwa mlangoni.

"Bwana mkubwa," akaniambia, "huoni haya? Mtazame huyu mzee wa watu!"

Tajiri akadhani anahurumiwa kwa kuwa mfanyabiashara maskini. Akainamisha kichwa, akakohoa kidogo.

"Mama, mimi..." nikaanza.

"Nyamaza, utapewa nafasi!" Akanisomea sheria yote: kima cha chini, pesa ya nyumba, mapunjo ya nyuma ambayo mfanyakazi anaweza kuyadai, na kwamba nikikataa, kesi inaenda kortini. Nimekaa kanisani miaka mingi, sijawahi kuhubiriwa nikafurahi hivyo. Kisha akamgeukia tajiri. "Mzee, unaishije?"

"Kwa neema ya Mungu tu, mama."

"Umesikia?" akaniambia. "Utalipa, hulipi?"

Nikakaza tai. "Nitalipa, mama. Kima chote cha serikali, na ya nyumba, na mapunjo yote ya nyuma."

Tajiri akaruka kutoka mlangoni. "Huwezi! Wewe ni nani wa kugawa pesa zangu?"

Afisa akavua miwani. "Pesa za nani, mzee?"

Tajiri akaniangalia mimi, akaangalia gambuti zake, akatafuta kiti mwenyewe. Afisa akaandika makubaliano pale pale, naye tajiri akatia sahihi.

Tulirudi Gikomba kwa miguu, kila mmoja upande wake wa barabara. Bandani tulimkuta mteja akiuliza kitanda. Tajiri akapandisha bei hapo hapo, akaninyooshea kidole: "Muulize huyo bwana wa suti kwa nini!"

Mwisho wa mwezi alinilipa akiwa ameangalia kando, kama mtu anayedungwa sindano. Nikamkabidhi mama watoto pesa, naye akaketi sakafuni kufungua mzigo.

"Kwa hivyo huendi tena," nikasema.

"Ningeenda na nini, baba?" akaniuliza. "Nauli ya Machakos ningeitoa kwa ule mshahara wako?"