Siku Niliyofuta Nakala ya Mpwapwa

Siku ya kwanza kazini Dodoma, nilipomwamkia Mkuu wa Kitengo shikamoo, alinitazama miguu kabla ya kuitikia. "Marahaba. Viatu nje, kijana. Vumbi la huku likiingia humu, tumekwisha." Nikaingia chumba cha seva, zile kompyuta kuu za ofisi, na soksi zilizotoboka. Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa, na kila ofisi inataka kompyuta ili isionekane imelala.

Miaka ilivyosonga, taasisi yetu ya mafunzo, jina naliacha, ikapata mashine pepe: kompyuta isiyo na bati wala waya, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Diski yake yote ni faili moja kubwa. Faili hilo tuliliweka kwenye seva mbili, ya Dodoma na ya tawi la Mpwapwa, na kilichoandikwa huku kiliandikwa na kule palepale kupitia mtandao. Seva moja ikifa, nyingine inashika kazi.

Mpwapwa alikuwepo Lameki, fundi mwenzangu, mcheshi kupindukia. Kila asubuhi tulipigiana simu kukagua mitambo. Alinitania kwa kuniita "Makao Makuu".

Masika moja mtandao ukakatika wiki nzima. Wanafunzi wa tawi walikuwa kwenye mitihani ya vitendo, na watahini waliingiza alama moja kwa moja kwenye kompyuta, bila karatasi. Lameki akaiwasha mashine kwenye nakala yake, kazi ikaendelea. Sisi nasi tuliendelea na ya kwetu, barua na likizo za watumishi. Mtandao uliporudi, seva zikagoma: nakala mbili zinapingana, kila moja inajiona ndiyo ya kweli. Faili la namna hiyo haliunganishiki. Unachagua moja, nyingine inafutwa.

"Kaka, nakuomba, yangu iweke pembeni kwanza," Lameki alisema kwenye simu. "Alama zimo humo tu."

Kuiweka pembeni kulihitaji diski mpya. Ilikuwepo stoo, inasubiri saini ya Mkurugenzi, naye yuko safarini hadi Ijumaa. Nikamweleza Mkuu wa Kitengo, akacheka.

"Tangu lini tawi likajua kuliko makao makuu? Chagua ya kwetu."

Nilijua si sahihi. Wallahi nilijua. Nikabonyeza.

Wanafunzi walirudia mitihani kwa machozi, na ikatafutwa shingo ya kubeba lawama. Lameki akashtakiwa kuwasha mashine bila idhini. Kikaoni niliulizwa kama aliniomba nisubiri. Nikasema sikumbuki. Akafukuzwa kazi, nami sikumpigia tena.

Nilistaafu nikiwa Mkuu wa Kitengo mwenyewe. Kwenye kuniaga wakanisomea cheti cha "kuokoa kumbukumbu za taasisi". Watu wakapiga makofi, nami natamani ardhi ipasuke inimeze. Vijana mnaonisoma, nakala mbili zikigombana, msiulize ipi ina cheo.

Wiki iliyofuata nikapanda basi la Mpwapwa. Lameki anatengeneza redio karibu na stendi, kichwa chote mvi. Mlangoni nikavua viatu kwa mazoea. Akatabasamu kidogo, kisha uso ukarudi kuwa mkavu.

"Lameki, siku ile kikaoni nilikumbuka. Kila neno nilikumbuka."

Aliendelea kukaza skrubu.

"Najua, Makao Makuu. Mwaka mzima, kila asubuhi, nilikaa karibu na simu."