Painti ya Dresa, Kata ya Mama Mkwe

Mwanangu wa kwanza nilimzaa Nyarugusu, enzi za Mwingereza, mume wangu akiwa mchimbaji mgodini. Homa ilinishika hata arobaini sijatoka, maziwa yakakauka kabisa. Dresa wa zahanati alinitazama, akamtazama mtoto, akasema tumpe ya ng'ombe: painti moja ya maziwa, nusu painti ya maji, yachemke pamoja. Alirudia kama anayesema na kiziwi. Nilikereka, lakini nilishika kila neno.

Maziwa hayakuwa taabu. Muuza maziwa alipita kila asubuhi na kopo lake la painti, yaani nusu lita na ushei. Taabu ilikuwa maji. Nyumbani tulikuwa na vikombe vya bati visivyofanana, na kata ya kibuyu ya kuchotea maji aliyokuja nayo mama mkwe kutoka kwao Shinyanga, alipokuja kuniuguza.

"Kata hii ni painti," alisema. "Nimewauzia maziwa wazungu wa kinu cha pamba miaka yote ile. Mpishi wao alipima kwa painti yake, mimi kwa kata yangu. Haikuzidi wala haikupungua."

Hapo alisema kweli. Ila kata ile ilikwishapasuka zamani. Hii aliiotesha mwenyewe kwa mbegu zake, na kwao kata iliyotokana na mbegu za kata ndiyo ileile. Mama humpa bintiye mbegu anapoolewa, na kipimo cha nyumba kinaendelea. Kwamba mvua ikinyesha vizuri kibuyu hunenepa, hilo halikumjia. Na nani angembishia? Mimi niko kitandani hoi, yeye ndiye anayepika, anayefua, anayembeba mtoto.

Mtoto akaanza kukonda. Anakunywa, tumbo linajaa ndi, baada ya kitambo kidogo analia tena. Mapaja yakawa ngozi tupu. Niliogopa hata kumfunua nguo. Mama mkwe akasema mtoto ana damu nyepesi, kairithi upande wangu, kwa ukoo wetu. Loo! Hasira ile ndiyo iliyoniinua kitandani, wala si dawa.

Kesho yake nikamngoja muuza maziwa mlangoni, nimeshika ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepona?"

"Sijapona. Hebu nipimie maji kwa hilo kopo lako, unimiminie humu kwenye kata."

Aliduwaa, lakini akapima. Painti ya kwanza ikafika katikati tu. Ya pili ndiyo iliyoijaza. Basi nusu kata yetu ilikuwa painti nzima, na siku zote hizo mwanangu alinyweshwa maji sawasawa na maziwa.

Tangu asubuhi ile tulipima kwa kopo. Mwanangu alirudisha mwili, na leo ana watoto wake mwenyewe. Lakini hapo mlangoni sikuwa na habari hiyo, nilikuwa nimejaa hasira tu. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, ameona yote. Nikamgeukia, nikamwita mama kwa lugha ya kwao.

"Umeona, mayu? Damu ya ukoo wetu hiyo! Umeona?"

Nilitaka anijibu, tena anijibu vibaya, nipate kumwaga yote niliyokuwa nayo moyoni. Yeye alinipokonya kata, akaichungulia ndani, akaiinamisha hata maji yakammwagikia miguuni.

"Na yule wa binti yangu?" akauliza, wala hakuwa akiniuliza mimi.

Binti yake alikuwa amefariki kwa uzazi mwaka uliotangulia. Kichanga akakichukua yeye, akakilea kwa agizo lilelile la zahanati: maziwa ya kununua kwa painti, maji kwa kata hii. Mimi niliambiwa tu kwamba hakikuishi.

Muuza maziwa akaokota kopo lake, akaondoka bila kuaga. Hasira yangu yote ilikwisha.

"Alikuwa akilia mchana kutwa," akasema. "Nami nilikuwa namkaripia anyamaze."